Kiboksi cha kadi za historia kwa sekondari ya chini: kadi chukua, mwongozo weka kabatini

Niseme mapema kwa wenye haraka: hiki kiboksi kinafaa, ila nusu yake tu. Nusu ya pili ni ile ile historia ya kukariri miaka na majina, wameipaka rangi na kuiwekea dadu. Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ya mwisho ni ya kadi za Titanic peke yake, nitafika huko.

Jina la kampuni naliacha, sababu vifaa vya aina hii viko vingi na vinafanana, ukikijua kimoja umevijua karibu vyote. Ndani ya boksi unakuta utepe mrefu wa miaka wa kubandika ukutani, pakiti za kadi zenye vyanzo (yaani maandishi na picha ambazo historia inatokana nazo), kadi za kuigiza, ubao wa gemu na dadu, mwongozo wa mwalimu, na apu ya maswali ambayo unaingia kwa kuskani. Juu wameandika miaka 12 hadi 15. Umri huo ndo mgumu kuliko wote kwenye hili somo, wadogo ukiwapa hadithi wanatosheka, wakubwa unaweza kuwaachia kitabu wakajisomea, hawa wa katikati hadithi washazichoka na kitabu bado kinawaletea usingizi, alafu kila ukiwaambia kitu wanakuuliza "kwani mnajuaje?" kwa ile sauti ya kubisha. Walimu wengi hilo swali linawakera. Mimi naona ndo mlango wenyewe wa somo, na kifaa chochote cha umri huu nakipima hapo hapo: kinamsaidia mtoto kulijibu, au kinamwambia anyamaze akopi?

Utepe kwanza. Una urefu wa mita tano na kitu, unaanzia mwaka 3000 KK mpaka leo, sentimita moja ni miaka kumi. Ukiuangalia haraka unaona pambo la ukuta tu na wengi nadhani watauacha hivo hivo, ila utamu wake uko kwenye rula. Wape watoto rula. Waambie watafute Piramidi Kuu ya Misri, karibu mwaka 2560 KK, wapime mpaka kifo cha Cleopatra mwaka 30 KK, watapata kama sentimita 253. Alafu wapime kutoka kwa Cleopatra mpaka leo, watapata kama 205. Yaani Cleopatra yuko karibu na sisi na simu zetu kuliko alivokuwa karibu na watu waliojenga piramidi, na hapo utasikia kelele sababu kichwani mwao Misri ya kale ni kitu kimoja, mafarao wote waliishi mtaa mmoja tena wiki moja. Hiyo huwezi kuifundisha kwa mdomo ikaingia. Kwa mtoto wa miaka 13 "zamani" ni sehemu moja tu, bibi yake na Julius Caesar wote wako huko.

Kuna swali zuri pia la kuwatupia ukishamaliza: je kama tungeanza na binadamu wa kwanza wa aina yetu, utepe ungefika wapi? Mabaki ya Jebel Irhoud kule Moroko yana umri wa kama miaka 300,000, kwa skeli hiyo hiyo ni mita 300, karibu viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Na kila kitu kilichowahi kuandikwa na binadamu, kuanzia vibao vya udongo vya Mesopotamia, kinakaa kwenye mita tano na ushee za mwisho. Hapo ndo unawaeleza kwa nini kuna akiolojia, na wanaelewa bila wewe kuandika maana ya akiolojia ubaoni.

Sasa mbona wameharibu kwa kitu kidogo hivi: pale KK inapokutana na BK wamechapa sifuri. Mwaka sifuri haupo kwenye hii kalenda jamani, baada ya mwaka 1 KK unakuja mwaka 1 BK moja kwa moja. Unaweza kusema sio ishu, ila mpe mtoto swali la Augustus, kaisari wa Roma, alizaliwa Septemba mwaka 63 KK akafa Agosti mwaka 14 BK, alikuwa na miaka mingapi? Kwa kuangalia utepe wa kiboksi atajumlisha 63 na 14 apate 77, akitoa ile miezi ya birthday ambayo haijafika anasema 76. Jibu ni 75. Kwa hiyo kifaa cha kufundishia miaka kinamfundisha kuhesabu miaka vibaya. Bandika stika juu ya hiyo sifuri, maisha yaendelee.

Haya, Titanic. Wengine watasema hii ni sinema sio historia, na kwenye mitaala mingi haimo kabisa, ila kwa kufundisha chanzo ni nini sijaona kitu kinachoifikia. Pakiti ina kadi kama nane. Unawapa swali moja, meli ilizama nzima au ilikatika vipande viwili? Kadi ya kwanza ni Lightoller, afisa wa pili wa meli, mwenye cheo kikubwa kuliko maafisa wote waliopona, anasema haikukatika. Kadi ya pili ni Jack Thayer, kijana wa miaka 17, abiria, anasema ilikatika. Watoto wote mbio kwa Lightoller, ni afisa, ni mtu mzima, anajua meli, huyo mwingine ni dogo tu. Kadi ya tatu inawaambia wote wawili waliokoka juu ya boti ile ile iliyokuwa imepinduka. Duh. Walikuwa sehemu moja, usiku ule ule wa Aprili 1912, macho yameona mambo mawili. Hapo nakaa kimya kabisa, wao ndo wanaanza: ilikuwa giza, taa zilikuwa zimezima, labda mmoja alikuwa bado ndani ya maji, au afisa anaitetea kampuni yake, si ndo inamlipa? Binti mmoja mkimya kweli kweli aliinua mkono akauliza kama Lightoller alikuwa bado na kazi pale pale wakati anahojiwa. Hilo swali halimo kwenye mwongozo, na ndo swali ambalo mwanahistoria angeuliza. (Jibu ni ndio, alikuwa bado mwajiriwa wa kampuni ya meli.)

Alafu inakuja kadi ya tume za uchunguzi wa ajali, za Uingereza na za Marekani zote mwaka huo huo 1912, zikasema ilizama nzima. Watoto wanaona kesi imeisha, serikali imeongea. Mwisho kuna bahasha imefungwa: Septemba 1985 timu ya Wafaransa na Wamarekani, Robert Ballard akiwemo, inaikuta meli chini ya bahari kama mita 3,800 na iko vipande viwili, kichwa huku na mkia kule, umbali wa kama mita 600. Dogo alikuwa sahihi miaka 73 yote hiyo. Usikubali mtu afungue ile bahasha mapema, maana mmoja akijua wote wamejua na kipindi kimekufa. Na wale ambao washaona sinema waombe watunze siri, wanapenda kupewa hiyo kazi.

Nilichokipenda ni kwamba watoto hawatoki na jibu la "afisa ni muongo". Wanatoka wakijua kwamba cheo sio ushahidi, na kwamba tume nayo inaweza kukosea bila mtu yeyote kudanganya. Kipindi kimoja hicho.

Pakiti ya Mansa Musa, mfalme wa Mali ya kale, nayo wazo lake zuri sana ila wameikata miguu. Safari ya hija ya mwaka 1324, dhahabu nyingi Kairo mpaka bei ya dhahabu ikashuka, kila mtu anaijua siku hizi, iko mitandaoni na zile hesabu za "tajiri kuliko wote duniani" ambazo hakuna anayeweza kuzithibitisha. Chanzo kikubwa cha hiyo habari ya Kairo ni al-Umari, mwandishi wa Kiarabu wa karne hiyo hiyo. Na al-Umari hakumuona Mansa Musa, alifika Kairo kama miaka 12 baadaye akawauliza watu waliomuona, na ndani ya maandishi yake anasema kabisa hili nimeambiwa na fulani. Sasa waliotengeneza kadi, kwa nia njema ya kurahisisha lugha, wamefuta maneno yote ya "nimeambiwa" na "wanasimulia". Imebaki Mansa Musa alifanya hivi, Mansa Musa aligawa hivi. Mtoto anasoma anadhani mwandishi alikuwa amesimama pale sokoni anahesabu magunia. Wamempunguzia maneno magumu, sawa, lakini wamefuta kile kitu kimoja tulichotaka akione! Kwa bahati nyuma ya kila kadi kuna tafsiri ndefu, kwa hiyo mimi nawapa pande zote mbili, wanazungushia kwa penseli kilichopotea. Limekuwa zoezi zuri kuliko walilolipanga wao. Ndani ya pakiti hiyo hiyo kuna ile picha maarufu ya atlasi ya Kikatalani ya mwaka 1375, mfalme amekaa ameshika donge la dhahabu, imechorwa miaka kama 50 baadaye na mtu wa kisiwa cha Mallorca, ila kadi inaiita "picha ya Mansa Musa" bila maelezo. Waulize watoto mchoraji alijuaje sura yake. Basi, umepata dakika kumi za mjadala bure.

Kadi za sababu za Vita Kuu ya Kwanza sina maneno mengi, ziko tisa, unazipanga kwa umbo la almasi, nzito juu nyepesi chini, zinafanya kazi. Nyongeza yangu moja tu, ukishamaliza kupanga chomoa kadi ya Princip, aliyemuua mrithi wa ufalme wa Austria, na risasi za Sarajevo za tarehe 28 Juni 1914, uliza bila huyu kijana wa miaka 19 vita ingekuwepo? Acha wagombane. Ukiwaacha na almasi tu wanaandika orodha kwenye daftari na kusahau jioni ile ile.

Sasa mabaya, na hapa sitanii. Kadi za kuigiza. Nyingi ni za kawaida tu, wewe ni mfanyabiashara wa Venice, wewe ni fundi uchapaji kwenye karakana ya Gutenberg, hazina shida wala hazina faida kubwa. Ila kuna seti ya biashara ya watumwa kuvuka Atlantiki ambayo inakuambia upige tepu sakafuni kwa vipimo vya meli, watoto walale wamebanana, mmoja awe nahodha. Hapana. Tena hapana kubwa. Kitakachotokea kinajulikana, wengine watacheka kwa aibu, wengine watafinyana, na kuna mtoto mmoja ataondoka amebeba kitu kibaya hajui akiweke wapi, hasa kama darasa limechanganyika na unajua watamchagua nani alale chini. Na mwisho wa zoezi wanakuwa wamejifunza nini? Kwamba kubanana ni kubaya. Dakika kumi za kulala sakafuni na mwalimu wako amesimama mlangoni hazikupi hata harufu ya safari ile, zinakudanganya tu kwamba umeionja.

Na kinachoniuma zaidi, kwenye boksi hilo hilo kuna kitu kizuri cha somo hilo wamekidharau. Ni ule mchoro wa meli ya watumwa ya Brookes wa mwaka 1788, watu wamepangwa kama nukta nyeusi kwenye ramani ya sitaha. Wameuweka kama kielelezo cha vipimo vya tepu! Wakati mchoro wenyewe ni chanzo cha kuchimba siku nzima. Nani aliuchora? Wapinga biashara ya watumwa, sio wenye meli. Kwa nini? Kuwashtua Waingereza. Sheria ya mwaka huo huo iliiruhusu meli ile kubeba watu 454, na safari moja ya kabla ya hapo ilisemekana imebeba 609, kwa hiyo mchoro unaoonekana umezidisha unaonyesha watu wachache kuliko waliobebwa kweli. Na swali ambalo watoto wenyewe wanalifikia wakiuangalia kwa utulivu: mbona hakuna hata mmoja mwenye uso? Hata walioutengeneza kwa nia njema waliwachora kama mzigo. Ukitaka uso na sauti tafuta maneno ya Olaudah Equiano, mtu aliyewahi kuwa mtumwa, aliyechapisha habari za maisha yake mwaka 1789, na ukipata darasa linaloweza kuhimili waambie pia kwamba rekodi ya ubatizo wake ya 1759 inasema alizaliwa Carolina wakati yeye anasema Afrika, wapime wenyewe. Hakuna anayelala sakafuni na wameelewa mara kumi.

Mwongozo wa mwalimu. Umechapwa vizuri, karatasi nzito, na kila kipindi una "majibu sahihi" pembeni kwa rangi ya kijani. Ndo shida yenyewe, umempa mtoto vyanzo vinavyopingana alafu unampa mwalimu jibu la kijani alisome mwishoni, watoto sio wajinga, wiki ya pili washajua ubishi wao ni wa kupitisha muda tu jibu liko mezani kwa mwalimu. Na baadhi ya hayo majibu yana walakini. Mfano Mkutano wa Berlin, unasema mataifa ya Ulaya yalikaa mezani yakachora mipaka ya Afrika na rula. Mkutano ulikuwa wa Novemba 1884 hadi Februari 1885, mataifa 14, na hakuna mtawala hata mmoja wa Afrika aliyealikwa, hayo ni kweli na yanatosha kukasirisha. Ila kilichosainiwa pale ni zaidi kanuni za mchezo: biashara huru bonde la Kongo, usafiri kwenye mto Niger na Kongo, na kwamba anayedai pwani aonyeshe ameikalia kweli. Mipaka mingi ilikuja baadaye kwa mikataba ya wawili wawili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa mwaka 1890 uliohusu Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, na kwa vita, maana watu hawakukaa wanasubiri kugawanywa. Tukiwaambia watoto yote yaliisha mezani Berlin tunawafuta Waafrika mara mbili, mezani hawakuwepo na uwanjani pia tumewaondoa. Vita ya Adwa kule Ethiopia ya tarehe 1 Machi 1896, mfalme Menelik na jeshi lake wanawapiga Waitaliano, imepewa mstari mmoja kwenye mwongozo mzima.

Na nikiwa hapo hapo, boksi linajiita la dunia nzima ila Afrika ukimtoa Mansa Musa inaonekana inapouzwa na inapotawaliwa tu. Wangeweka Great Zimbabwe, yale magofu ya mji wa mawe. Ni kesi ya ushahidi tamu kuliko hata Titanic: walowezi wanang'ang'ania imejengwa na wageni, wanakuja wanaakiolojia, MacIver mwaka 1905 na Caton-Thompson mwaka 1929, wanachimba, wanakuta vitu vya wenyeji tabaka kwa tabaka, na bado serikali ya Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ikaendelea kuubinya ukweli huo miaka mingi. Mtoto anaona kwamba ushahidi unaweza kushinda hoja na bado ukashindwa na mwenye madaraka. Nimeanza kutengeneza kadi zangu mwenyewe za hilo.

Gemu ya dadu ni kutupa dadu, kufika kwenye mwaka, kutaja tukio. Watoto wanaipenda kama wanavopenda chochote chenye dadu. Apu ndo hivo hivo, chagua A mpaka D, kengele inalia. Kwa marudio ya dakika tano za mwisho sio mbaya, kukumbuka miaka kuna faida zake, huwezi kubishana kuhusu 1914 kama hujui kilichotangulia. Ila isiwe ndo kipindi.

Najua mtauliza kuhusu mtihani, kwamba haya mabishano yote mtihani hauulizi. Kwa nilivoona, mtoto aliyebishana kuhusu sababu anaandika insha ya "eleza sababu" vizuri kuliko aliyezikariri saba, maana anajua ipi inabeba ipi na akisahau moja hazianguki zote. Muda ndo tatizo la kweli. Pakiti moja ya vyanzo inakula kipindi kizima na inamwagikia cha pili, kwa hiyo huwezi kufundisha mtaala mzima hivi, chagua mada tatu nne kwa muhula uziingie kwa kina, nyingine piga mwendo wa kawaida. Darasa likizidi 50 kadi moja kwa vikundi haitoshi pia, printi nakala nyingine, fonti ya kadi za mbele ni kubwa kwa hiyo hata fotokopi nyeusi na nyeupe inasomeka, za nyuma hazisomeki kabisa.

Ah, na kabla sijasahau, plastiki ya kadi inaanza kubanduka pembeni watoto wakiikunja kunja, na wataikunja. Kata kona ziwe za mviringo kabla ya kugawa. Ile bahasha ya Titanic gundi yake ni ya mara moja tu, ukishaifungua darasa la kwanza tafuta bahasha za kwako kwa madarasa yanayofuata.